Sweta Iliyonywea: Mhadhara kuhusu Kushona Ndege wa Sufu

Bwana mwenyekiti, walimu wenzangu wa ushonaji, mafundi mliotoka masoko ya Gikomba na Kariokor, na vijana mliofika na mikasi yenu: nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumze kuhusu kushona ndege wa kuning'iniza, pambo dogo lililojazwa ndani, kwa kitambaa cha sufu kilichokwisha kuvaliwa. Nitazungumza nikitetea dai moja, kwamba uzuri wa ndege huyu hauanzii kwenye shanga za macho wala kwenye utarizi wa mbawa, bali kwenye kitambaa na kwenye mkato. Na kwamba kitambaa kinachomfaa kuliko vyote ni kile ambacho mvaaji alikikataa kwa sababu kiliharibika majini.

Kitambaa hicho tunacho karibu. Robota la sweta za mitumba linapofunguliwa Gikomba, nguo za kwanza kuchaguliwa, zile tunazoziita kamera, huchukuliwa na wenye maduka, kisha bei inashuka kadiri rundo linavyopekuliwa, hadi inabaki fagia, ambayo huuzwa kwa bei ya kuondoa mzigo tu. Humo ndani ya fagia ndimo inamopatikana sweta ya mtu mzima ambayo mwenyewe, huko ng'ambo, aliifua kwa maji ya moto ikanywea na kuwa nzito, hata sasa haimwingii mtoto wa darasa la kwanza. Kwa muuzaji hiyo ni hasara. Kwa mshonaji wa ndege, kazi ngumu kuliko zote imekwisha kufanywa na mtu mwingine bila kukusudia.

Naomba tueleze kilichotokea ndani ya sweta hiyo, kwa sababu mambo yote nitakayosema kuhusu mshono yanatokana nacho. Unywele wa sufu umeundwa kwa keratini, ambayo ndiyo protini ya nywele zetu na kucha zetu, na uso wake umefunikwa na magamba madogo sana ambayo yote yameelekea upande wa ncha. Maji ya moto na sabuni huufanya unywele ulainike na magamba yake yainuke, na ukisuguliwa, husogea upande mmoja tu, ule wa shina, kwa kuwa magamba yanauzuia kurudi ulikotoka. Waliokulia mashambani wanaukumbuka mchezo wa kutia suke la nyasi ndani ya mkono wa shati: kila ukitikisa mkono, suke linapanda kuelekea kwapani na halishuki. Maelfu ya nywele yakisogea hivyo kwa pamoja, yanaingiliana na kukazana, matundu ya ufumaji yanazibika, na kitambaa cha kufuma kinageuka kuwa felti. Hakuna namna ya kukirudisha kilivyokuwa, na hatuna haja ya kukirudisha.

Faida yake kwa mkasi ni kubwa. Sweta ya kawaida ukiikata inafumuka papo hapo, lakini iliyogeuka felti inakatika bila kutoa nyuzi, kwa hiyo haihitaji upindo, na mshono unaweza kukaa milimita nne tu kutoka ukingoni. Tena uzi huzama ndani ya manyoya, ukasitiri hata mkono wa mwanagenzi ambaye hatua zake hazijalingana.

Si kila sweta inakubali. Sweta nyingi za shule zinazovaliwa hapa Nairobi ni za akriliki, na akriliki ni uzi wa kiwandani usio na magamba, utakaosugua hadi jioni bila kupata kitu. Iko pia sufu halisi iliyotiwa dawa kiwandani ili iweze kufuliwa kwa mashine. Magamba yake yamepunguzwa makali kwa klorini na kufunikwa kwa utomvu wa plastiki, nayo haishikamani. Someni lebo kwanza, mkikumbuka kwamba sweta hizi zimetoka nchi nyingi: wool, laine, Wolle na lana yote ni sufu, na nembo ya Woolmark, lile fundo la mistari lililoanza kutumiwa mwaka 1964, inaaminika. Mchanganyiko wenye sufu asilimia 80 au zaidi kwa kawaida hukubali. Lebo ikiwa imekatwa, chomoeni nyuzi chache kutoka kwenye mshono wa ndani mzichome juu ya sahani. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto wake unajizima wenyewe, na jivu lake linasagika kati ya vidole. Akriliki inayeyuka, inatoa moshi mweusi, na inaacha donge gumu.

Mkipata sufu ambayo haijanywea, ifanyeni inywee wenyewe kwa mikono. Kwanza fumueni mishono ya ubavuni na mikono mpate vipande bapa, mkaondoe vifungo na zipu, kwa sababu sweta ikifuliwa nzima hupata makunyanzi yasiyotoka hata kwa pasi. Kisha tumbukizeni vipande kwenye beseni la maji ya moto, mkono ukiwa ndani ya glavu, pakeni sabuni ya kipande, na sugueni kwa nguvu kwenye ubao wa kufulia, mkibadilisha maji yanapopoa. Msiamini saa, aminini macho na vidole. Kazi imekwisha pale ambapo vitanzi vya ufumaji havionekani tena na ukingo uliokatwa hauachii ukivutwa. Suuzeni, kamueni kwa kukunja ndani ya taulo, na anikeni kwa kulaza, si kwa kutundika.

Ufundi huu una umri mrefu. Mwaka 1949 mwanaakiolojia Sergei Rudenko, akichimba makaburi ya Pazyryk katika milima ya Altai huko Siberia, alikuta ndani ya kaburi lililogandishwa na barafu mabatamaji ya felti yaliyojazwa manyoya ya kulungu wa kaskazini, kila moja likiwa na kimo cha sentimita 30 hivi, yaliyoshonwa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Mojawapo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Hermitage huko St. Petersburg. Kwa hiyo ndege wa felti aliyejazwa manyoya si mtindo uliozuka juzi. Kutumia sufu kuukuu nako kuna historia yake: viwanda vya Batley, huko Yorkshire nchini Uingereza, vilianza kusaga matambara ya sufu na kuyasokota upya mapema katika karne ya 19, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni Benjamin Law, mwaka 1813. Tofauti ni kwamba Batley iliurudisha uzi nyuma hadi kwenye unywele, na kila unywele ukakatika na kuwa mfupi zaidi, ilhali sisi tunakiacha kitambaa kilivyo na kukipa umbo.

Sasa tuje kwenye umbo, na hapa nitakawia. Ndege nitakayemtumia ni kwezi, yule mwenye kifua cha buluu na tumbo la rangi ya chungwa anayeokota makombo kwenye bustani zetu. Nimemchagua kwa sababu rangi zake zimegawanyika kwa mipaka iliyo wazi: kichwa cheusi, mgongo na kifua vya buluu, mstari mwembamba mweupe chini ya kifua, kisha chungwa. Mpaka wa rangi unaweza kuwa mshono, na hivyo ndege anajichora mwenyewe bila kutariziwa. Korongo wale wakubwa wanaokaa juu ya migunga karibu na uwanja wa Nyayo wanachekesha, lakini miguu yao haishoneki. Na chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, pamoja na uzuri wake wote, ni mng'ao mtupu, na sufu haina mng'ao.

Kiolezo kina vipande vitatu vya mwili: ubavu wa kulia, ubavu wa kushoto, na kipande cha tumbo. Wengi hukiacha hicho cha tatu, wakaunganisha mbavu mbili peke yake, na wanachopata ni ndege bapa ambaye hata akijazwa vipi hana kifua. Kipande cha tumbo huanzia chini ya mdomo na kuishia chini ya mkia, kikiwa kimechongoka ncha zote mbili. Kwa ndege wa sentimita 12, upana wa sentimita nne unatosha, na upana huo ukae theluthi moja kutoka mdomoni, mahali palipo kifua; mkiuweka katikati kabisa, ndege ataonekana mjamzito. Urefu wa kipande hiki upimwe kwa uzi uliolazwa juu ya mkunjo wa ubavu, wala si kwa rula, kwa sababu mkunjo ni mrefu kuliko mstari ulionyooka, na pengo hilo ndilo linalofanya mshono ujikunje mkiani. Kwa kwezi, kipande cha tumbo kiunganishwe kwa vipande vinne kabla ya kushonwa mbavuni: buluu ya kifua, kitepe cheupe cha nusu sentimita, chungwa, na weupe mwingine kidogo chini ya mkia, kwa kuwa ndivyo alivyo.

Angalieni pia mvutiko. Felti iliyotokana na ufumaji bado inavutika, na inavutika zaidi kwa upana wa sweta kuliko kwa urefu wake. Mvutiko ukizunguka mwili wa ndege, anajazika na kuwa wa duara. Ukifuata urefu wake, anarefuka kila mnapomshindilia. Na mkishakata ubavu mmoja, kigeuzeni kiolezo kabla ya kukata wa pili, la sivyo mtapata mbavu mbili za upande mmoja.

Kuhusu kushona, mafundi wa cherehani hawatakubaliana nami. Wao wangeshona kwa ndani kisha wageuze. Felti ni nene, na ukiigeuza, tabaka zinarundikana mdomoni na mkiani, mahali ambapo ndege anahitaji kuwa mwembamba. Mimi hushona kwa nje, kwa mkono, mshono ule wa kuzungushia ukingo wa blanketi, nikianzia mdomoni na kupita mgongoni kwanza, kisha tumbo upande mmoja hadi mwisho, kisha upande wa pili, nikibakiza tundu la sentimita tatu karibu na mkia. Ukingo haufumuki, kwa hiyo hakuna cha kuficha.

Ndani yake tieni masalio ya felti hiyo hiyo, yaliyokatwa yakawa madogo kama punje za maharagwe, kwenye mdomo na mkia, mkisukuma kwa kijiti butu. Sehemu iliyobaki ijazwe kwa nyuzi za mto kuukuu au kwa sufi, yaani pamba ya mti wa msufi, kwa wenye jamaa Pwani wa kuwaletea. Masalio peke yake humfanya ndege kuwa mzito na mwenye vinundu. Mshindilieni kupita mnavyodhani inafaa, kwa maana sufu hulegea baada ya siku chache.

Mbawa zishonwe kwa ukingo wa mbele tu ili ncha zinyanyuke. Jicho la kwezi ni jeupe lenye kiini cheusi, na shanga moja nyeupe iliyofungwa kwa fundo la uzi mweusi inatosha; penye mtoto mdogo, tarizini jicho, msiweke shanga. Vikorombwezo vya kumetameta siwakatazi, ila sitavisifu.

Nondo nao wanaipenda sufu, au tuseme mabuu yao, ambayo hula keratini. Maji ya moto yanayoifanya sufu inywee huangamiza mayai yaliyomo, lakini sweta iliyonunuliwa ikiwa tayari imenywea haijulikani ilikaa wapi, basi ifueni tena kabla haijawekwa pamoja na nguo nyingine.

La mwisho ni mahali pa kufungia uzi wa kuning'iniza. Mkono wa kila mshonaji huenda moja kwa moja katikati ya mgongo, na ndege akishatundikwa anainamisha kichwa, kwa sababu tumempa kifua na kifua kina uzito. Chomekeni pini mgongoni, mbele ya katikati, juu ya kifua, mninginizeni kwa pini hiyo, kisha sogezeni mbele au nyuma hadi mdomo utazame mbele, ndipo mpitishe sindano papo hapo. Pini ziko kwenye kibakuli kando ya mlango, na vipande vya felti vimepangwa mezani kwa rangi. Buluu ni kidogo, kwa hiyo kateni mbavu kwanza kabla ya mbawa.