Nivichukue Nivipeleke Wapi?

(Mhadhara uliotolewa mjini Mtwara mbele ya walimu na wanafunzi wa lugha)

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Walimu wenzangu nimewaona, msijifiche huko nyuma.

Nimeombwa nizungumzie kitenzi kimoja tu cha Kiingereza. Msidhani ni kazi ndogo. Peter Gilliver, mmoja wa watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford, alikaa na kitenzi run miezi tisa, akakihesabia maana 645. Miezi tisa, muda wa mimba! Mimi sina ubavu huo. Nimekuja na take, ambacho kila mtu humu ndani anakijua. Tulikiandika ubaoni: take, chukua. Tukaimba, kengele ikalia, tukaenda zetu nyumbani.

Sasa sikilizeni. Nikiwa sekondari nilirudi likizo nikamkuta bibi yangu anaumwa. Alikuwa kapewa vidonge, na pakiti ina maandishi ya Kiingereza. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha bibi kwamba ada haikupotea. Nikasoma kwa sauti, kisha nikamfasiria neno kwa neno: "Bibi, imeandikwa chukua vidonge viwili mara tatu kwa siku."

Bibi alikuwa mkekani, ungo mapajani, anapeta mchele. Akaacha kupeta. Akanitazama.

"Nivichukue nivipeleke wapi?"

Nilicheka sana siku ile, nikijua mjinga ni yeye. Ilinipita miaka mingi ya kufundisha ndipo nikagundua kwamba pale mkekani mwenye Kiswahili alikuwa mmoja, na si mimi.

Kwa bibi, kuchukua ni kubeba. Ukichukua, unakwenda mahali. Ndiyo maana mbeba mizigo anaitwa mchukuzi, na serikalini tuna Wizara ya Uchukuzi, ambayo kazi yake ni usafiri. (Hapo mbele mnacheka nini?) Mwanamke akipata ujauzito, wazee husema amechukua mimba. Kijana anayewalisha wazazi wake husifiwa kwamba anawachukua wazee wake. Nguo ikikukaa vizuri, imekuchukua. Wanandoa wakivumiliana, wanachukuana. Yote hayo ni habari za uzito na mabega. Ukimwambia mtu wa namna hiyo achukue vidonge, ni haki yake kuuliza safari ni ya wapi.

Basi kitendo cha mkono kufika na kukifanya kitu kiwe chako kilikuwa na neno lake: kutwaa. Nalo limekwenda wapi? Limesukumwa pembeni. Leo mnalisikia kwa watangazaji wa mpira, timu ikitwaa kombe. Mnalisikia msibani, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Na mnalisikia mkiwa na shamba mahali serikali inapopataka, maana tuna sheria ya utwaaji wa ardhi tangu mwaka 1967. Kombe, kifo na kiwanja. Sokoni hakuna anayetwaa nyanya.

Na hapa ndipo ninapokipendea kitenzi hiki, kwa kuwa Waingereza yaliwapata hayohayo. Take si neno lao la asili. Zamani walisema niman. Wajerumani, ndugu zao kwa lugha, wanalo hadi leo, nehmen. Wale waliojenga boma pale Mikindani mwaka 1895 walikuwa wakilisema humuhumu kwetu. Ila Uingereza ilivamiwa na mabaharia wa kaskazini, Waviking, na katika karne ya 9 wengi wao wakalowea huko, wakaoa, wakalima. Hao walisema taka. Mgeni akaingia nyumbani, akamtoa mwenyeji. Hata neno la Kiingereza la "wao", they, limetoka kwa wageni hao. Sisi watu wa pwani hatuna la kushangaa: meza tunayolia chakula ni ya Mreno, shule tunayosomea ni ya Mjerumani.

Ila niman haikufa yote. Imebaki kwenye neno numb, yaani -enye ganzi. Asili yake ni "aliyetwaliwa", "aliyeshikwa". Sasa niambieni, ukikalia mguu vibaya ukaamka hauuhisi, unasemaje?

(Ukumbi: "Umeshikwa na ganzi!")

Umeshikwa! Hakuna Mwingereza aliyetufundisha hilo, wala sisi hatukumfundisha yeye. Mguu ukifa ganzi ni kama kuna mtu kaukamata.

Turudi kwenye vidonge. Mwingereza anatumia mkono pale ambapo sisi tunatumia mdomo. Dawa yeye "anaichukua", sisi tunakunywa, hata ikiwa kidonge kikavu. Kiapo yeye "anakichukua", sisi tunakula kiapo. Rushwa yeye "anaichukua", sisi tunakula. Hasara vilevile, tunakula. Pumzi tunavuta. Sijui ni nani aliyetupa midomo mikubwa namna hii, lakini mwanafunzi akishaliona hilo, nusu ya makosa yake inakwisha siku hiyohiyo.

Nusu nyingine iko kwenye basi. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kijana mmoja alifasiri sentensi ya kitabuni hivi: "Baba alichukua basi akaenda Masasi." Darasa zima likamgeukia. Mmoja akauliza, "La nani?" Kwa Kiswahili unapanda basi. Anayelichukua ama ni tajiri wake, ama anatafutwa na polisi.

Halafu kuna take ya kupeleka. Ukimkabidhi mtoto sufuria umwambie kwa Kiingereza take this to your mother, humwambii achukue tu, unamwambia ampelekee mama. Take inaondoka kwa msemaji, bring inamjia, kama peleka na leta. Wanafunzi wetu wanasema bring kwa zote mbili, na kosa hili linaniudhi, maana tofauti yenyewe wamezaliwa nayo.

Vile vijineno vya mwisho, off, up, over, after, sitavigusa sana. Ndege ikipaa ni take off, viatu vikivuliwa ni take off, na anayetafuta mantiki ya pamoja atajipa homa. Vikaririni na sentensi zake, basi.

Mgeni anayejifunza Kiswahili naye anatuonea huruma kwa piga. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga chafya, na hakuna aliyeumia. Vitenzi hivi ni kama makuli wa bandarini hapa. Kuli ni yuleyule asubuhi hadi jioni. Ukitaka kujua kabeba korosho au ufuta, humkagui kuli, unachungulia gunia. Take a walk: gunia ni kutembea. Take a photo: gunia ni picha. Take a bath: gunia ni kuoga, na Waingereza wengi hapo humpa kazi kuli mwingine kabisa, have. Fasiri gunia. Kuli mwache apumzike.

Nina malalamiko moja, nayo nayaelekeza kwa washereheshaji. Hakuna harusi ninayohudhuria bila kusikia "nachukua nafasi hii kuwashukuru". Hiyo ni take iliyovaa kanzu. Mtu mwenye shukrani anashukuru tu. "Safari inachukua saa mbili" nimeshaikubali, hata mimi huniponyoka, ingawa wazee wangesema kwenda Lindi ni mwendo wa saa mbili. Lakini "chukua kiti" nimeikataa. Nikiambiwa hivyo ugenini nakibeba kweli, naondoka nacho. Mgeni anaambiwa karibu, keti.

Naona mkono. Ndiyo, binti.

(Swali: "Mwalimu, na take care tuisemeje?")

Swali zuri. Barabarani wameandika "chukua tahadhari", lakini jihadhari ilikuwepo, fupi, na inasomeka ukiwa kwenye mwendo. Ukiagana na mtu ni habari nyingine. Mwambie ajitunze, au mwambie kwaheri ya kuonana.

Mwenye ukumbi ananionyesha saa. Nje kuna chai na mihogo ya kuchoma, na yule mama mwenye birika kaniomba niwakumbushe kwamba vikombe ni vya kuazima, kwa hiyo chai ni ya kunywa hapahapa, si ya kuchukua.