Programu Ikishakamilika, Kazi Ndiyo Inaanza

Ndugu zangu waratibu wa takwimu, nanyi wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nitazungumzia kazi inayoanza siku programu inapokamilika. Mfano wangu ni CommCare, jukwaa la mtandaoni la kuundia programu za simu za kukusanya taarifa, la kampuni ya Dimagi ya Marekani. Nimelichagua kwa kuwa wengi wenu mtakutana nalo, au na ndugu zake, na kwa kuwa baadhi ya majaribio yake ya mwanzo kabisa yalifanyika hapa Tanzania, enzi za simu za vitufe.

Anayejenga leo hufungua tovuti, akaburuta maswali kuyaingiza kwenye fomu, akapanga fomu kwenye menyu, basi. Haandiki msimbo. Muuguzi mwenye bidii anaweza kuijenga programu yake mwenyewe, na mimi hilo nalifurahia kwa dhati, maana anayeijua kazi ndiye anayeiunda zana. Ila wepesi huohuo unamfanya mtu abadilishe programu inayotumika kama anayehariri barua ambayo bado haijatumwa. Kumbe imeshatumwa. Iko kwenye simu za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na baadhi yao wako vijijini ambako mtandao unapatikana siku ya gulio tu.

Tuanze na matoleo. Mabadiliko unayoyafanya kwenye tovuti hayaendi kwenye simu moja kwa moja. Unatengeneza toleo jipya, linapewa namba, unalijaribu, halafu unaliidhinisha litoke. Simu huchukua toleo la karibuni lililoidhinishwa, tena pale zinapopata mtandao. Kwa hiyo Jumatatu umeidhinisha toleo la 48, na Ijumaa bado unapokea fomu zilizojazwa kwa toleo la 45. Seva inazipokea zote, na kila fomu inabeba namba ya toleo lake. Hiyo si hitilafu. Mfumo uliundwa hivyo ili mtu aweze kufanya kazi bila mtandao. Wewe msimamizi ndiwe unayepaswa kukumbuka kwamba wakati wowote kuna matoleo mawili au matatu yanayoishi pamoja. Andika maelezo mafupi kwenye kila toleo: nini kimebadilika, nani ameomba, kwa nini. Na kamwe usimwambie mhudumu mwenye tatizo la simu aifute programu na kuipakua upya kabla hujahakikisha fomu zake zote zimetumwa. Zilizobaki kwenye simu zitafutika nayo, na zile ni ziara alizozitembea kwa miguu.

Sasa nataka nikae hapa kidogo, kwenye majina ya ndani ya maswali.

Kila swali lina maandishi anayoyaona mhudumu na lina jina la ndani ambalo mfumo unalitumia kuhifadhi jibu. Maandishi unaweza kuyarekebisha: sahihisha tahajia, tumia Kiswahili kinachoeleweka. Jina la ndani usiliguse ovyo. Tuseme programu ya mama wajawazito inahifadhi tarehe ya kujifungua kwa jina "tarehe_matarajio". Anakuja mjenzi mpya, anaona "tarehe_kujifungua" limekaa vizuri zaidi, analibadilisha kila mahali, hata kwenye kichujio cha orodha kinachoonyesha akina mama waliobakiza wiki nne. Anajaribu kwa kumsajili mama wa mfano. Kila kitu kinakwenda sawa. Analiidhinisha toleo.

Lakini akina mama waliosajiliwa kabla ya hapo tarehe zao bado zimekaa chini ya jina la zamani. Jina jipya kwao ni tupu. Kichujio hakiwaoni. Mhudumu anafungua orodha, anakuta majina mawili badala ya tisa, na hakuna ujumbe wowote wa kosa, kwa sababu kwa mtazamo wa kompyuta hakuna kosa lililotokea. Anadhani mwezi huu kazi imepungua. Mama anayekaribia kujifungua hatembelewi. Ndiyo maana nasisitiza: jaribuni kila toleo kwa kumbukumbu za zamani, siyo za mfano mliozitengeneza asubuhi hiyohiyo.

Upo pia mtego wa upande wa pili, nao naona unazungumzwa kidogo mno. Swali liliuliza kama mtoto amepata homa ndani ya siku 7 zilizopita. Mfadhili anataka siku 14. Mjenzi anabadilisha maandishi, jina la ndani analiacha vilevile. Safu moja kwenye jedwali sasa ina majibu ya maswali mawili tofauti, na atakayechora grafu ataona homa imepanda ghafla. Swali likibaki lilelile, jina libaki. Maana ikibadilika, unda swali jipya.

Nakala nazo. Kunakili programu ni suala la kubofya tu, ndiyo maana miradi mingi ina "Mpya", "Mpya 2" na "Mpya ya mwisho". Nakala mbili ndani ya mradi mmoja, yaani eneo moja la kazi kwenye tovuti, zikitumia aina ileile ya kumbukumbu za wateja, zinaandika kwenye kumbukumbu zilezile. Nakala ya mazoezi inaweza kuifunga kumbukumbu ya mteja halisi. Mazoezi yafanyieni kwenye mradi tofauti. Na programu ya zamani ikifutwa kwenye orodha, fomu zilizokwishatumwa haziondoki; ziko kwenye seva, na dhamana yake bado ni yenu.

Hapo sheria inaingia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, nayo inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Mtu aliyehama kituo au mkataba wake umekwisha aondolewe ruhusa siku hiyohiyo. Akaunti moja inayotumiwa na ofisi nzima ifungwe: siku kumbukumbu ya mgonjwa ikibadilishwa, hamtajua ni nani aliyeibadilisha.

La mwisho ni ripoti ya hali ya programu. Inaonyesha kila mhudumu yuko toleo lipi, lini simu yake iliwasiliana na seva, lini alituma fomu. Ni ripoti nzuri, ila mtu lazima aisome. Brian DeRenzi na wenzake walichapisha mwaka 2012 utafiti walioufanya hapa nchini kuhusu wahudumu waliokuwa wakitumiwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha ziara zilizochelewa. Ucheleweshaji ulipungua sana. Lakini hatua ya kumjulisha msimamizi pale mhudumu asipoitikia ilipoondolewa, utendaji ulishuka. Ujumbe uliendelea kutumwa. Binadamu aliyefuatilia ndiye hakuwepo tena.

Kwa hiyo mkirudi vituoni, kabla ya kuongeza fomu yoyote, fungueni ripoti hiyo na mwandike jina la mtu mmoja atakayeisoma kila Jumatatu, na la wa pili atakayeisoma wa kwanza akiwa likizo. Kisha mtafuteni mhudumu ambaye simu yake haijawasiliana kwa muda mrefu kuliko wote, mpigieni, mmwulize anaona nini kwenye orodha yake.

Karibuni maswali.