Yuko Chumbani na Nani?

Ndugu wazazi, asanteni kwa kunialika. Adolescence, ile tamthilia ya Netflix ya hapa Uingereza, sitaisimulia yote, wengi wenu mmeiona tangu ilipotoka Machi 2025. Asiyeiona ajue tu kwamba Jamie Miller, mtoto wa miaka 13, anakamatwa asubuhi na mapema chumbani kwake kwa kumuua kwa kisu Katie, wanayesoma naye. Sehemu ziko nne, na kila moja imepigwa mfululizo, kamera haikatwi hata mara moja.

Kila mtu ananisifia sehemu ya tatu, ile ya mwanasaikolojia. Ni kweli, Owen Cooper, kijana anayemwigiza Jamie na ambaye hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza, aliistahili tuzo yake ya Emmy. Lakini mzazi akae na ya nne. Eddie, babake Jamie, ni fundi bomba. Mwenyewe alichapwa mkanda na babake, akaapa wanawe hayatawapata. Yuko chumbani na mkewe, Manda, wanajiuliza walikosea wapi. Manda anakumbuka mtoto akirudi shule, mlango pwaa, juu kwenye kompyuta. Saa saba usiku taa bado inawaka. Anabisha, anamwambia alale, kesho shule. Taa inazimwa, mtoto hasemi neno. Basi, wakaona yuko salama kwa kuwa yuko ndani.

Hapo ndipo ninapopigia kelele kila ninaposimama. "Mwanangu hana makundi, hatoki, yuko chumbani." Nimechoka kulisikia! Yuko chumbani na nani?

Najua kuna anayesema moyoni, hayo ya Wazungu, wetu tumewafunza adabu, madrasa wanakwenda, kanisani wanakwenda. Mtoto huyohuyo aliyekupa shikamoo jioni, usiku anamsikiliza mwanamume usiyemjua akimfundisha kuwadharau wasichana. Mwingine atasema anafanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee, amlinde saa ngapi? Zamu siilaumu, kodi ya nyumba lazima ilipwe. Ila kabla hujatoka, keti kando yake, mwambie akuonyeshe anachotazama, na usifoke. Ukifoka leo, kesho hakuonyeshi kitu.

Tazameni sehemu ya pili. Inspekta Bascombe, anayepeleleza mauaji hayo, ameona emoji, zile picha ndogo, alizoandika Katie kwenye Instagram ya Jamie, anadhani watoto wale walikuwa wakipatana. Mwanawe Adam, anayesoma shule hiyohiyo, ndiye anayemweka kando na kumfumbua macho. Kuna kidonge chekundu, alama ya wanaume wanaodai wamefumbuliwa macho kuhusu wanawake, kuna 100, yaani ile imani kwamba asilimia 80 ya wanawake wanawataka asilimia 20 tu ya wanaume. Kumbe Jamie alikuwa akidhihakiwa kwamba yeye ni wa wale wasiotakiwa! Mpelelezi mzima hakuelewa, sembuse mimi na wewe? Muulize mwanao, atakueleza.

Sheria ya Usalama Mtandaoni ya 2023 nilitaka kuifafanua, muda umenikimbia. Shule za sekondari nchini hapa zimeruhusiwa kuonyesha tamthilia hii bure. Ulizeni ya mwanenu kama imeionyesha.

Na Katie je? Sajenti Frank, mpelelezi mwenzake Bascombe, analalamika katika sehemu hiyohiyo ya pili kwamba Jamie atakumbukwa na yule binti atasahauliwa. Mimi pia nimemzungumzia mvulana muda wote huu. Kwa hiyo, mwenyekiti, swali la kwanza naomba litoke kwa mzazi mwenye binti.