Rudi Ukamwone
Mhadhara kwa madaktari wanaoanza mafunzo ya upasuaji, Kigoma

Mwakeye! Kaeni, kaeni. Mlioko nyuma sogeeni mbele, leo siulizi mtu mifupa ya kiganja.

Nimepewa dakika arobaini na karatasi yangu ina mambo saba. Naona wanaonijua wameshaanza kucheka, maana wanajua kengele itanikuta kwenye la pili. Ni kweli. La kwanza nalisema kila mwaka, na nitaacha siku nitakapoona mnalitenda.

Ni hili: ukishamwona mgonjwa wa tumbo, rudi ukamwone tena. Wewe mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyomgusa mara ya kwanza.

Najua mmekuja kushika kisu. Wengine mnapitia MMed, ile shahada ya uzamili ya chuo, wengine COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, miaka miwili ya kwanza halafu mitatu ya ubingwa, na kila mmoja ameshapiga picha amevaa kofia ya chumba cha upasuaji akamtumia mama yake. Sawa. Kisu mtafundishwa. Mtu akishikiwa mkono miaka mitano atakata na atashona, hata kama alikuja mikono inatetemeka. Lakini mgonjwa wetu wa mkoa huu mara nyingi anaumizwa na saa kabla hajaumizwa na mkono wa daktari. Ametoka kijiji cha mwambao, kalala kwenye boti, kapakiwa kwenye bodaboda kashikiliwa nyuma na shemeji, anafika kwako tumbo lina siku ya tatu. Mwaka 2015 tume ya jarida la tiba la Lancet ilisema mtu awe na uwezo wa kufika penye upasuaji wa dharura ndani ya saa mbili. Niliisoma nikiwa nalitazama ziwa hili, kilomita zaidi ya 600 toka ncha hadi ncha, nikacheka peke yangu. Mgonjwa wetu saa zake ameshazimaliza njiani. Chache zilizobaki ameziweka mikononi mwako.

Sasa nisikilizeni. Nilikuwa mwaka wa kwanza kama nyinyi, hospitali ambayo jina lake halina kazi hapa. Saa nne usiku akaletwa mvuvi wa dagaa, kijana kabisa, ana mabega kama milango. Tumbo lilianza kuuma kitovuni, baadaye likahamia chini kulia. Na huko chini kulia alikuwa na chale mpya, bado zina utando wa damu. Angalieni hapo: mganga alishaniwekea alama. Alimuuliza mgonjwa "wapi panauma zaidi?", akachanja hapo hapo. Chale ni historia ya ugonjwa iliyoandikwa kwa wembe, na mimi nilizitazama nikaona ushamba tu. Msizidharau. Chale zenye kovu zinakueleza maumivu ya zamani, zile mbichi zinakueleza ya juzi.

Nikambonyeza. Tumbo halikuwa gumu sana. Nikaandika kwa mwandiko mzuri: "Aangaliwe. Uamuzi asubuhi." Nikamwambia, "Tutaonana asubuhi, kaka." Nikaenda kulala.

Aangaliwe na nani? Hilo neno "aangaliwe" ningeweza kulipiga marufuku ningelipiga. Halina mtu ndani yake. Wodi ilikuwa na nesi mmoja na wagonjwa wa kujaza vitanda na sakafu.

Saa nane usiku nesi akanigongea. Akasema, "Daktari, yule wa tumbo anasema amepata nafuu." Nikamshukuru Mungu, nikageukia ukutani.

Haya, nani ananiambia nafuu ile ilikuwa nini? ... Ndiyo, dada yangu. Kilipasuka. Kidole tumbo kikijaa usaha kinavutika kama mpira, ndiyo maana kinauma. Kikipasuka, ule mvutano unaisha, mgonjwa anapumua, anaweza hata kuomba uji. Anakaa hivyo kitambo, halafu uchafu unasambaa tumboni na maumivu yanarudi tumbo zima. Ngiri iliyobanwa nayo ina ujanja huo huo: utumbo ukishakufa, ile kelele ya kwanza inaweza kupungua. Kwa hiyo mgonjwa wa tumbo akikwambia amepona ghafla usiku wa manane bila wewe kumfanyia chochote, vaa viatu.

Na karatasi ilikuwa inasema. Yule nesi aliandika mapigo ya moyo kila baada ya saa mbili, na tarakimu zile sijazisahau: 88, 100, 116, 132. Mdomo unasema nafuu, moyo unakimbia. Mtoto wa darasa la nne angeuona mstari ule unavyopanda. Mimi niliusoma saa moja asubuhi, tumbo limeshakuwa ubao.

Hakufa. Alipasuliwa mara tatu, kidonda kikaachia, akakaa wodini miezi miwili. Nyinyi mnasema miezi miwili. Yeye alisema giza mbili. Dagaa wanavuliwa usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wanawasha taa, samaki wanaifuata. Mwezi ukiwa mkubwa watu wanashona nyavu. Kukosa giza mbili ni kukosa ada ya shule, bati, na heshima kwa mwenye mtumbwi. Na mwenye mtumbwi hangoji, aliweka mtu mwingine. Kijana akanipa jina: Daktari Asubuhi. Wodi nzima ikalishika. Wahudumu wa usafi waliniita hivyo usoni pangu, na sikuwa na la kujibu.

Najua kuna mtu hapo katikati anasema moyoni, mzee huyu ni wa enzi za kibatari, siku hizi kuna ultrasaundi, kuna CT. Vipo, nami nashukuru. Lakini picha ya saa nne inakuonyesha tumbo la saa nne. Haikwambii la saa nane. Na mashine haimjui huyu mgonjwa alikuwaje jioni. Wewe unamjua, kama ulimgusa kweli. Mwingine anasema, daktari, mimi nina wagonjwa arobaini, nitarudi kwa yupi? Kwa wale watatu ambao moyo wako haujatulia. Unawajua. Kila mtu anawajua, ndiyo maana anapitia mlango wa upande wa pili. Na sisemi usilale. Lala! Ila kabla ya kulala mwambie nesi: niamshe saa saba, na uniamshe mapema zaidi mapigo yakivuka mia moja. Hiyo ni amri yenye saa na yenye tarakimu. "Aangaliwe" haina.

Na mpeni mgonjwa dawa ya maumivu. Sisi tulifundishwa kumnyima tusije tukafichwa ugonjwa. Ilikuwa ni ukatili tu. Utafiti ulishalimaliza hilo: tumbo lililopasuka bado linaonekana baada ya sindano, na mgonjwa aliyetulia unamgusa vizuri zaidi kuliko anayekurushia teke.

Lingine hapo hapo, maana sijatoka kwenye tumbo. Mgonjwa akikwambia "ni ngiri" au "ni chango", hujaambiwa ugonjwa. Huku uswahilini ngiri ni kila kinachouma chini ya kitovu cha mwanamume, pamoja na mambo ya chumbani. Usiandike ngiri kwa sababu amesema ngiri. Mvue nguo utazame kinena. Nimeona mgonjwa aliyeandikiwa "utumbo umeziba, sababu haijulikani" na sababu iko kinenani kama embe, hakuna aliyefunua shuka.

Na bibi aliyetoka vijijini Kasulu au Buhigwe, Kiswahili chake ni cha salamu. Mnamtafuta mkalimani, mnamshika aliyemleta, na aliyemleta ni mkwe wake wa kiume. Jamani! Mkwe amuulize mama mkwe lini alijisaidia mara ya mwisho? Amuulize kama anatoa hewa? Atawaangalia, atakohoa, atawaambia "anasema yuko sawa". Bibi hajasema kitu, wala hajaulizwa. Mtafuteni nesi anayejua Kiha, wapo tele, na mkwe atolewe nje anunue chai.

Dakika ngapi? ... Kumi? Basi la pili.

Piga simu. Ukinipigia saa tisa usiku nitanuna. Usitegemee nikuitikie kwa kuimba. Nitanuna, nitavaa, nitakuja. Kununa kwangu hakumuui mtu. Ila usianze na hadithi ya ukoo mzima; anza na unachotaka: "Naomba uje, nadhani huyu anahitaji kupasuliwa." Halafu ndiyo mapigo, presha, tumbo.

La tatu, ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, yenye vipengele 19. Nawaona wanaotia vema zote mgonjwa akiwa tayari ameshatolewa. Mnadhani ni makaratasi ya wazungu. Ilipojaribiwa katika hospitali 8 za miji 8, London ikiwemo, na Seattle, mji mmojawapo ulikuwa Ifakara. Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo yalitoka 2009: vifo vya waliopasuliwa katika hospitali zile kwa jumla vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwa hiyo someni kwa sauti, kila mtu ataje jina lake na kazi yake, hata kama mmekunywa chai pamoja asubuhi. Na gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, zihesabiwe. Nesi akisema imepungua moja, hakuna kubishana naye, hakuna "itakuwa kwenye ndoo". Tumbo halifungwi.

La nne, fundo: chukueni uzi, fungeni kwenye kitasa cha mlango mpaka mke au mume alalamike. La tano, kitabu cha kumbukumbu za upasuaji kijazwe siku ile ile. Ukingoja mwisho wa mwaka utaandika ndoto. La sita na la saba nawaachia. La saba lilikuwa kuhusu kula kabla ya kuingia kwenye upasuaji mrefu, na naona mmeshaanza kunusa maandazi, kwa hiyo hilo mnalijua.

Chai iko nje. Lakini ngojeni. Saa mbili asubuhi tulipita wodini tukamwona yule mama wa kitanda cha kumi na moja, tumbo la mashaka, tukakubaliana kusubiri. Sasa ni saa tano kasoro robo. Nani amerudi kumwona?

...

Hakuna? Basi funikeni hayo maandazi. Twendeni.