Turbo Yenye Mota Ndani: 911 Mpya na Siri ya Kona

Habari zenu wadau, leo niko Stuttgart, mtaa wa Zuffenhausen, hapa Porsche wanapotengenezea 911. Wengi mmeniuliza kuhusu 911 Carrera GTS ya haibridi (injini ya petroli inayosaidiwa na umeme) iliyotoka 2024, na karibu wote mnaulizia nguvu. Haya: farasi 541. Lakini mimi nataka tuongelee kona, maana kazi kubwa ya mainjinia iko hapo.

Aliyewahi kuendesha Subaru ya turbo anaijua hali hii: unakanyaga mafuta, gari linajivuta kidogo, halafu ghafla linakurusha. Turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi, inazungushwa na moshi wa ekzosi, na moshi ukiwa mchache turbo inazubaa. Barabara ikinyooka, unasubiri tu. Sasa chukua 911, ambayo injini yake imekaa nyuma kabisa, imepita ekseli. Uko katikati ya kona, unakanyaga, kimya. Unazidisha, na nguvu zote zinafika kwa mkupuo wakati usukani bado umekatwa. Tairi za nyuma zinaachia, mkia unaserereka, na uzito wa injini unauvuta uzidi kwenda. 911 Turbo ya kwanza, ya mwaka 1975, ilikuwa na farasi 260 tu, na madereva waliiogopa kwa jambo hilihili.

Kwenye GTS wameukata mzizi wenyewe. Turbo ina feni mbili kwenye mhimili mmoja: moja inasukumwa na moshi, nyingine inasukuma hewa kwenda kwenye injini. Katikati yake wamepachika mota ya umeme. Ukigusa mafuta tu, mota inaizungusha turbo papo hapo, haingoji moshi. Moshi ukizidi, mota hiyohiyo inageuka jenereta na kurudisha umeme hadi kilowati 11. Kwa hiyo turbo mbili za zamani zimekuwa moja, na vali ya kupunguzia presha haipo tena. Mota ya pili imo ndani ya gia boksi, inaisaidia injini ya lita 3.6 kusukuma magurudumu.

Betri ndiyo imenifurahisha kuliko vyote. Ina kilo 27, saizi yake ni kama betri ya kawaida ya kuwashia gari, na imewekwa mbele. Haiwezi kuliendesha gari kwa umeme peke yake, na hilo ni uamuzi mzuri sana. Tazameni BMW M5 ya mwaka huohuo: farasi 727, inatembea kwa umeme mtupu ukitaka, ila uzito umevuka kilo 2,400. GTS ina kilo 1,595, imeongezeka kama 50 tu. Kwenye kona, kila kilo inabebwa na tairi na breki.

Kule Nürburgring, njia ya mashindano ya magari Ujerumani, dereva wa Porsche Jörg Bergmeister alizunguka kwa dakika 7 na sekunde 16.934, akiipita GTS iliyotangulia kwa sekunde 8.7. Msiipe mota sifa zote, jamani: tairi za nyuma sasa zina upana wa milimita 315, na magurudumu ya nyuma nayo yanakata kona.

Kinachoniuma ni gia ya mkono. GTS hii haina, unapata otomatiki ya PDK tu. Anayetaka kubadilisha gia mwenyewe, aiangalie Carrera T, isiyo na haibridi.