Tanganyika kabla ya bendera: nchi changa inapata wapi sauti?

ZUHURA: Karibuni tena. Mwenzangu Deo kanibishia wiki nzima kwamba nchi changa haina sera ya nje, ina bakuli la kuombea.

DEO: Na bado nabisha, dada. Desemba 9, 1961 Tanganyika inapata uhuru, wahitimu wa chuo kikuu wa kuhesabika. Unamtisha nani?

ZUHURA: Mimi naanzia Machi mwaka huo, kabla ya uhuru. Viongozi wa Jumuiya ya Madola wako London. Afrika Kusini, yenye serikali ya ubaguzi wa rangi, inataka kuwa jamhuri lakini ibaki mwanachama. Nyerere hana hata kiti pale. Anaandika kwenye gazeti la Observer: wakibaki wao, sisi hatuingii.

DEO: Jeuri ya asiyealikwa!

ZUHURA: Siku chache tu, Verwoerd, waziri mkuu wa Afrika Kusini, akaondoa ombi lake la kubaki. Si Nyerere peke yake, India na Canada nazo zilibana. Lakini aliweka mezani uanachama ambao hata hajaupata.

DEO: Hapo nakupa. Ila 1965 inaniuma. Novemba Ian Smith, kiongozi wa walowezi wazungu, anajitangazia uhuru Rhodesia, Zimbabwe ya leo. OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, inaazimia: Uingereza isipomwangusha kufikia Desemba 15, tunavunja uhusiano. Siku ikafika, wengi wakanyamaza. Sisi tukavunja, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 ukazuiwa.

ZUHURA: Na mapema mwaka huohuo, Wajerumani...

DEO: Enhe, malizia.

ZUHURA: Zanzibar ilishaitambua Ujerumani Mashariki kabla ya Muungano. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, hawakutaka kuiona hapa. Mwalimu akatafuta njia ya kati: ubalozi mdogo Dar, bila kuitambua rasmi. Bonn wakakata msaada wa kijeshi, naye akawaambia wachukue na uliobaki.

DEO: Mkulima wa Nzega aliulizwa? Sifa zake Mwalimu, maumivu ya wananchi.

ZUHURA: Hakuulizwa, kweli. Lakini Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa Dar tangu 1963, FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, nao wako hapohapo. Nani angekabidhi vita vyake kwa serikali inayonywea ikitikiswa kidogo? Na reli ya Tazara ya kwenda Zambia, Wamagharibi waliikataa, Wachina wakatoa mkopo usio na riba.

DEO: Mchina hakuvutiwa na ujasiri wetu, kaka mkubwa yule alikuwa anasaka marafiki!

ZUHURA: Sawasawa, na sisi tulikuwa na alichokitaka. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, kura yetu moja na ya Marekani ni moja. Oktoba 1971 China ikapata kiti chake, na Salim Ahmed Salim, balozi wetu ambaye hajafika hata miaka 30, alikuwa mstari wa mbele kuipigania.

DEO: Basi nenda 1981. Salim anagombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani inampiga kura ya turufu raundi baada ya raundi. Hawakuwa wamesahau.

ZUHURA: Na China ikawa inampiga turufu Waldheim, katibu mkuu aliyekuwa madarakani, raundi zilezile. Nao hawakuwa wamesahau.