Uchawa si heshima

Ndugu zangu, hili nimeshalisema Lindi, nimelisema Masasi, na leo nalisema hapa Mtwara kwa sababu bado kuna wanaoniambia uchawa, huku kumsifu mkubwa ili upate chochote kwake, ni heshima kwa wakubwa. Si heshima.

Tuanze na mdudu mwenyewe, maana aliyebandika jina hili alimjua. Chawa wa mwilini hakai kwenye ngozi. Hukaa kwenye mishono ya nguo, humo ndimo anamotaga, na mara kadhaa kwa siku hutoka kunyonya damu kisha akarudi mafichoni. Hana mabawa wala haruki. Humfikia mwingine watu wakigusana au wakiazimana nguo. Akikosa damu, wiki haimalizi. Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye neno. Mwenye nguo akishikwa na homa kali, chawa huhama. Akifa, mwili ukapoa, chawa huhama, hangoji mazishi. Mtazameni basi yule aliyemsifu mkuu kila mkutano. Uteuzi ukitenguliwa asubuhi, jioni simu yake ina picha ya mkuu mpya.

Mtaniuliza, mnafiki tunaye tangu zamani, neno jipya la nini? Mnafiki hujificha, mwite hivyo mbele za watu, mtagombana. Chawa hujitangaza: "Mimi ni chawa wa mheshimiwa!" Na anapigiwa makofi! Anayejikomba anataka kibali chake, akikipata anakwenda zake. Uchawa ni ajira: una posho, una nauli, una fulana.

Wala msinipe methali ya mgema. Mgema husifiwa na mnywaji aliyeonja tembo. Chawa hajaonja.

Haya, Mswahili ana adabu, mkubwa husifiwa. Asifiwe! Lakini sifa ya kweli hutaja jambo: kisima cha shule kilikauka, ukachimbisha kingine, watoto wanakunywa maji. Sifa ya chawa haina kisima. Ina "haijawahi kutokea", na fedha za kodi yako inaziita fedha za mheshimiwa. Chukua hotuba hiyo, futa jina la mkubwa, weka la mwingine. Ikisomeka vilevile, ni uchawa.

Na unatugharimu. Mikorosho yetu huanza kuchanua kuanzia Juni hivi. Ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hushika machipukizi na maua machanga. Salfa, dawa yake, ikichelewa, maua hunyauka na hayafungi korosho. Mkuu anakuja Agosti, salfa haijafika kijijini. Mkulima ananyoosha mkono, na kabla hajapewa nafasi chawa ameshashika kipaza sauti: "Wakulima wanakushukuru, pembejeo zimefika kwa wakati." Mkuu anaandika, anapanda gari. Kosa ambalo lingerekebishwa kwa simu moja limeingia kwenye taarifa kama mafanikio. Oktoba minada ya korosho inaanza, mkulima yule hana cha kupeleka AMCOS, chama cha ushirika.

La vijana na mitandao naliruka, la maofisini pia. Nataka hili moja. Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, ni kila miezi mitatu. Anzeni na mapato na matumizi, yasomwe mpaka shilingi ya mwisho, halafu maswali. Shukrani zije baada ya maswali, na mtendaji aandike kwenye muhtasari nani alisema salfa imefika, na tarehe aliyosema. Haya, nani ana swali?